Siri ya Damu Si Mali ya Mkosaji



Katika Kitabu cha Pili cha Samueli, sura ya 11 na ya 12, tunasimuliwa habari za mkuu wa majeshi aliyekuwa na siri. Mfalme Daudi alimchukua mke wa Uria, askari wake mwaminifu. Kisha akamwandikia jemadari Yoabu barua, akiamuru Uria awekwe mahali vita vilipo vikali, apate kufa. Barua hiyo aliichukua Uria mwenyewe, bila kujua kwamba amebeba hukumu ya kifo chake. Mambo yakafanyika kimyakimya, na mfalme akaendelea kuketi katika kiti chake hadi siku ile Nathani alipomjia.

Wengi wetu tunaipenda habari hii kwa sababu ya mwisho wake: Daudi alikiri, naye Mungu akamwondolea dhambi. Mara chache tunajiuliza kuhusu jamaa za Uria. Je, wao waliambiwa ukweli lini, na nani?

Swali hilo si la zamani tu. Limeulizwa upya katika nyakati zetu, katika nchi ya mbali na sisi, iitwayo Kambodia. Tunaomba msomaji aifuate habari hiyo kwa subira, kwa maana mwisho wake unatugusa sisi tunaokaa katika eneo hili la Maziwa Makuu.

Tarehe 17 Aprili 1975 wapiganaji wa Khmer Rouge waliingia Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia. Katika muda wa siku chache mji mzima ulihamishwa kwa nguvu, hata wagonjwa waliokuwa hospitalini. Fedha ilifutwa, shule zikafungwa, masoko yakakoma, dini zote zikapigwa marufuku. Kanisa Kuu la Katoliki la mji huo lilibomolewa jiwe kwa jiwe. Askofu Joseph Chhmar Salas, Mkhmer wa kwanza kupewa daraja hiyo, alikuwa amewekwa wakfu siku tatu tu kabla ya mji kuanguka. Alipelekwa shamba kufanya kazi ngumu pamoja na wengine, akafa kwa njaa na uchovu mwaka 1977. Inakadiriwa kwamba katika miaka isiyotimia minne walikufa watu wapatao milioni 1.7, yaani karibu mtu mmoja katika kila watano. Taifa lilibaki kama nyumba iliyoteketea, wenyeji wakitafutana katika majivu.

Katikati ya mji ule uliohamwa kulikuwa na shule ya sekondari. Utawala uliigeuza gereza, likaitwa S-21, chini ya makao makuu ya jeshi. Mkuu wake alikuwa Kaing Guek Eav, aliyejulikana zaidi kwa jina la Duch, ambaye zamani alikuwa mwalimu wa hisabati. Alikuwa mtu wa utaratibu. Kila mfungwa alipigwa picha, kisha akateswa mpaka aungame kwamba ni mpelelezi wa maadui, na awataje wenzake. Duch aliyasoma maungamo hayo, akayasahihisha pembeni kwa wino kama mwalimu asahihishavyo madaftari. Baada ya hapo mfungwa alipelekwa kuuawa, wengi wao huko Choeung Ek, kilometa chache nje ya mji. Mahakama baadaye ilithibitisha kwamba waliopotea kwa njia hiyo hawakupungua 12,272. Walionusurika ni wachache mno. Vann Nath aliachwa hai kwa sababu alijua kuchora picha za Pol Pot. Chum Mey kwa sababu alijua kutengeneza mashine.

Tarehe 7 Januari 1979 majeshi ya Vietnam yaliuteka mji. Duch alikimbia, akaziacha nyuma maelfu ya kurasa za kumbukumbu. Kwa miaka ishirini alifichika. Akabadili jina, akafundisha shule, akaishi kati ya watu waliofiwa kwa amri zake. Mwaka 1995 mkewe aliuawa na watu waliovamia nyumba yao. Mwaka uliofuata alibatizwa katika dhehebu la Kiprotestanti, akaanza kuwakusanya majirani kwa sala. Alifanya kazi pia katika mashirika ya misaada, akiwahudumia wakimbizi. Mchungaji aliyembatiza, Christopher LaPel, mwenyewe alikuwa amepoteza ndugu katika mauaji yale. Hakujua ni nani aliyekuwa akimtumbukiza majini.

Mwaka 1999 mpiga picha Nic Dunlop, aliyekuwa akitembea na picha ya Duch mfukoni, alimtambua katika wilaya ya Samlaut. Baada ya muda mfupi Duch alikiri mbele ya waandishi wa habari, akakamatwa. Kesi yake katika mahakama maalumu, iliyoundwa na Kambodia pamoja na Umoja wa Mataifa, ilisikilizwa mwaka 2009. Mwaka 2010 alihukumiwa kifungo cha miaka 35. Kwa rufani ya mwaka 2012 kikawa kifungo cha maisha. Alikufa kifungoni mwezi Septemba 2020, akiwa na umri wa miaka 77.

Wapo wakristo waliouliza: mtu huyu alikwisha tubu na kubatizwa, je, mahakama ilitafuta nini tena kwake? Kama Mungu amemsamehe, sisi ni nani hata tumhukumu? Swali hili husikika hata katika jumuiya zetu, pale mambo ya kale yanapofukuliwa. Linastahili jibu la heshima.

Sisi hatuna mizani ya kuupima moyo wa mtu. Hatusemi kwamba toba ya Duch ilikuwa ya uongo. Mungu ana uwezo wa kumwosha hata muuaji, na asiyeamini hivyo hajaielewa Injili. Lakini tunasema kwamba kwa miaka mitatu tangu ubatizo wake alishika mikononi kitu kisichokuwa chake, asikirudishe kwa wenyewe.

Kitu gani hicho? Tukisikilize kutoka kwa Bou Meng, mmoja wa wale wachache walionusurika S-21. Mkewe, Ma Yoeun, alikamatwa pamoja naye, wala hakumwona tena. Mwaka 2009 Bou Meng alisimama mbele ya mahakama, na katika vitu vyote ambavyo angeweza kumdai mtesi wake, aliuliza neno moja: mke wangu aliuawa wapi? Alitaka kujua mahali, apate kuchukua udongo wa hapo na kumwombea marehemu. Duch alishikwa na simanzi, lakini hakuweza kumjibu kwa hakika. Alisema kazi hiyo ilifanywa na walio chini yake. Alidhani ni Choeung Ek.

Msomaji aliyewahi kufiwa na mtu asiyejulikana kaburi lake anaelewa uzito wa swali hilo. Katika mila zetu, mtu asiyezikwa hajaondoka, na waliobaki hawajamaliza msiba. Mwenye kujua alipolala marehemu na kunyamaza, anauzuia msiba usifike mwisho. Ndiyo maana tunasema kwamba siri ya damu si mali ya mkosaji. Dhambi ni yake, hukumu ni yake, majuto ni yake. Lakini ukweli wa mambo yaliyotendeka, yaani nani aliuawa, wapi, lini na kwa amri ya nani, ni mali ya waliofiwa. Anayeuficha ukweli huo, hata akiwa amepiga magoti kanisani, anaendelea kuwaibia.

Mafundisho ya Kanisa letu yanakubaliana na jambo hili. Tumefundishwa tangu katekisimu ya utotoni kwamba Kitubio kina majuto, maungamo na malipizi. Maondoleo ya dhambi hayarudishi chenyewe kilichoibwa, wala hayaponyi chenyewe jeraha la jirani. Aliyesamehewa anabaki na wajibu wa kutengeneza alichokiharibu, kadiri awezavyo. Zakayo hakuishia kumkaribisha Yesu nyumbani kwake. Alisimama akatangaza mbele ya watu atakavyowarudishia aliowadhulumu. Na ijulikane wazi kwamba padre haruhusiwi kamwe, kwa sababu yoyote ile, kutoa nje aliyoyasikia katika kitubio. Kwa hiyo hakuna mwingine wa kuubeba mzigo huu. Mwenye siri ndiye anayepaswa kutoka kwa miguu yake mwenyewe na kuwaendea waliokosewa.

Kuna fumbo chungu katika maisha ya Duch. Huko S-21 aliwalazimisha maelfu waungame makosa ambayo hawakuyatenda. Yeye mwenyewe akakaa miaka ishirini bila kuungama hadharani aliyoyatenda. Kutokana na hayo twaona kwamba ungamo linaloletwa na mateso halina thamani mbele ya haki, na kwamba ungamo la kweli linahitaji uhuru na ujasiri. Mbele ya mahakama hatimaye alisema mengi, akaomba radhi, akaeleza jinsi gereza lilivyoendeshwa. Hilo lilikuwa jema. Lakini siku ya mwisho ya kesi aliomba aachiliwe huru, na wengi waliofiwa wakaona kwamba mkono wa kushoto umechukua kile kilichotolewa na wa kulia. Malipizi hayana budi kukubali gharama.

Hata hivyo tusidhani ni habari ya watu wa mbali. Mwaka 1994 jirani zetu wa Rwanda walipata maangamizi yao. Katika mwezi wa Aprili mwaka huo watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia wilaya ya Ngara, Tanzania, katika muda wa siku moja hivi. Tuliwapokea, na tulifanya vema. Lakini kati ya wakimbizi wale walikuwamo wenye damu mikononi, waliosali pamoja na wajane wasiojua. Umoja wa Mataifa uliweka mahakama yake Arusha, ikafanya kazi hadi mwisho wa mwaka 2015. Mmoja wa waliohukumiwa huko alikuwa padre, Athanase Seromba, aliyekuwa akihudumu parokia ya Nyange, ambako kanisa liliangushwa kwa tingatinga juu ya watu wasiopungua 1,500 waliokimbilia ndani. Baada ya mauaji hayo alikwenda Italia, akahudumu parokiani kwa jina jingine, mpaka alipojitoa mbele ya mahakama mwaka 2002. Mwaka 2008 rufani ilimpa kifungo cha maisha. Tunaliandika hili kwa aibu, si kwa furaha. Mwaka 2017 Baba Mtakatifu Fransisko aliomba msamaha wa Mungu kwa ajili ya dhambi za Kanisa na za watoto wake katika mauaji yale. Kanisa linaloomba msamaha haliwezi tena kukubali kuwa maficho.

Tena, mahakama za gacaca huko Rwanda, zilizofungwa mwaka 2012, zilimtaka anayekiri aseme pia mahali zilipotupwa maiti. Sheria hiyo ilielewa kile alichokidai Bou Meng. Lakini mwaka 2018 makaburi ya halaiki yalifukuliwa huko Kabuga, karibu na Kigali, chini ya nyumba za watu. Kwa miaka 24 majirani walipita juu yake, na waliojua walinyamaza. Kimya hicho hakikuwa cha kamanda mmoja. Kilikuwa cha mtaa mzima.

Basi, ndugu viongozi wa walei, tufanye nini?

Kwanza, tusiwe watu wa uvumi. Kumnyoshea mtu kidole bila ushahidi ni kuirudia kazi ya S-21, na kumpiga mtuhumiwa njiani ni kuongeza damu juu ya damu. Pili, anapotokea mtu mwenye mzigo wa namna hii, tusimpe faraja ya haraka kwamba yamekwisha. Tumsindikize kwa upole afike kwa waliofiwa na mbele ya sheria, naye asiende peke yake. Tatu, tusimweke madhabahuni wala katika halmashauri mtu ambaye waliodhulumiwa naye wamekaa viti vya nyuma wakilia. Nne, na hili ndilo kubwa, tuanze na waliofiwa. Kamati ya Haki na Amani ya parokia iwe na masikio yake kwao kabla ya kuwa na mahubiri kwa ajili yao. Wasilazimishwe kusamehe. Msamaha wao ni zawadi, na zawadi haidaiwi.

Daudi alikiri, akasamehewa, lakini matokeo ya dhambi yake yalimfuata. Zaidi ya hayo, ukweli wake uliandikwa. Maandiko hayakumfichia mfalme kosa lake, na katika ukoo wa Bwana wetu Yesu Kristo, kama alivyouandika Mathayo, jina la Uria limetajwa. Daudi angependa jina hilo lisahauliwe. Roho wa Mungu hakupenda. Vivyo hivyo na sisi, tusikubali msamaha wowote unaodai majina ya waliouawa yafutwe.

Maswali ya kujadili katika jumuiya ndogo ndogo:

1. Je, katika eneo letu wapo watu ambao mpaka leo hawajui wapendwa wao walikufa wapi au walizikwa wapi? Tumewahi kuwatembelea na kuwasikiliza?

2. Mtu akija kwetu na kukiri kosa kubwa la zamani, tutamsindikizaje hadi kwa waliokosewa bila kumtupa na bila kumficha?