Mtu wa Reli, Reli Ipi?

Na Rehema Odhiambo

Mtaa wa Muthurwa, Eastlands jijini Nairobi, ulijengwa na shirika la reli kwa ajili ya wafanyakazi wake Waafrika, na mzee aliyestaafu huko bado hujitambulisha hivi: "Mimi ni mtu wa reli." Reli ipi? Iliyofika Nairobi mwaka wa 1899 ilikuwa Reli ya Uganda. Baadaye ikawa ya Kenya na Uganda, kisha ya Afrika Mashariki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka wa 1977 ikabaki ya Kenya, na mwaka wa 2006 uendeshaji ukakabidhiwa kampuni ya kibinafsi. Injini za mvuke zikaondoka, zikaja za dizeli. Ni kipi basi kilichobaki kile kile?

Buddha alimtaka mtu ajiulize swali hilo kuhusu nafsi yake mwenyewe. Mwili, hisia, utambuzi, mielekeo ya moyo, fahamu: vichunguze kimoja kimoja, alisema, vyote vinabadilika, na hakuna unachoweza kukishika ukasema hiki ndicho mimi. Mateso huja kwa kung'ang'ania. Elimu hii haiko mbali nasi. Mtawa Bhante Buddharakkhita, mzaliwa wa Uganda, alianzisha kituo cha Kibuddha nchini mwake mwaka wa 2005.

Mimi naiamini. Nimeona wanaume wakidhoofika kwa sababu cheo kimekwenda na moyo umekataa kukiaga. Na baada ya uchaguzi wa 2007 sote tulishuhudia jina la kabila, ambalo hakuna mtoto aliyelichagua, likitosha kumtoa mtu roho.

Hofu yangu ni kwamba neno "achilia" huwafurahisha sana wenye tingatinga. Mwaka wa 2010 wapangaji wa Muthurwa, baadhi yao wastaafu wa reli, walitakiwa kuondoka kwenye ardhi iliyokabidhiwa hazina ya pensheni ya reli. Hawakuachilia. Walikwenda Mahakama Kuu, na Agosti 2013 Jaji Isaac Lenaola akatoa hukumu iliyotetea haki yao ya makazi chini ya Katiba. Walifanya vyema. Mzee anaweza kuliaga jina la "mtu wa reli" na bado akadai pensheni yake na paa lake hadi senti ya mwisho, kwa maana Buddha alikemea tamaa ya kushikilia "mimi" na "changu", na tamaa hiyo haiko kwa mpangaji peke yake.

Wanaotaka kuhubiri kuachilia huku Eastlands, tafadhali waanze na wenye hati za ardhi.