Sauti Nayo Huchoka



Watoto wetu wakikaa mbele ya runinga kutazama katuni, huona mnyama au mashine inasema, nao huamini kwamba ndiyo inayosema kweli. Sisi watu wazima twajua kwamba nyuma yake yupo mtu mwenye koo kama letu. Mwezi huu napenda tumwangalie mmoja wa watu hao, binti wa majirani zetu wa Kenya, Lupita Nyong'o. Katika kazi hiyo aliumia mahali ambapo wengi wetu huumia bila kujijua.

Lupita alizaliwa tarehe 1 Machi 1983 katika Jiji la Mexico, wakati baba yake, Profesa Peter Anyang' Nyong'o, alipokuwa akifundisha huko. Alirudishwa Kenya angali mchanga, na huko ndiko alikokulia. Akiwa na miaka 14 aliigiza Juliet jukwaani Nairobi pamoja na kundi la Phoenix Players. Baadaye alisoma Marekani na kuhitimu uigizaji katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 2012. Mwaka 2014 alipokea tuzo ya Oscar kwa filamu ya 12 Years a Slave.

Wengi humjua kwa sura, lakini amefanya pia kazi nyingi za sauti tupu. Mwaka 2016 alikuwa sauti ya Raksha, mbwa mwitu jike anayelea mtoto wa binadamu katika The Jungle Book. Alisimulia pia kipindi cha wanyama cha Serengeti, na mwaka 2020 akateuliwa kuwania tuzo ya Emmy kwa usimulizi huo. Sisi tunaoishi kwenye njia ya kwenda Ngorongoro na Serengeti tuna haki ya kufurahi!

Mwaka 2024 ilitoka filamu ya katuni ya The Wild Robot. Humo Lupita ni Roz, roboti aliyetupwa na tufani kwenye kisiwa cha wanyama, akajikuta mlezi wa kifaranga yatima wa bata bukini. Hakutengenezwa awe mama. Anajifunza umama siku kwa siku. Mwanzoni sauti yake ni nyangavu na kavu, kama ya mashine, kisha hulainika kadiri anavyopenda.

Msidhani kazi hiyo ni ya kukaa na kusoma karatasi. Kwa kawaida sauti hurekodiwa kwanza, na wachoraji hufuata. Mwigizaji husimama mbele ya kipaza sauti, mara nyingi peke yake, akirudia sentensi ileile mara nyingi: akicheka, akilia, akipiga kelele. Hana uso wa kumsaidia. Mwaka 2025 Lupita alipewa tuzo ya Annie kwa sauti ya Roz, lakini alikuwa amelipa gharama. Sauti ile ya juu ilimletea kivimbe kwenye nyuzi za sauti, akalazimika kunyamaza kwa miezi mitatu.

Kivimbe hicho hutokeaje? Ndani ya koo tuna nyuzi mbili laini. Mwanamke akizungumza kwa kawaida, nyuzi hizo hugongana kama mara 200 kwa sekunde moja. Akilazimisha sauti, hugongana kwa nguvu, zikavimba, na wakati mwingine zikaota kinyama. Ni kama kiganja cha mwenye kushika jembe kinavyotoka lengelenge.

Sasa tujitazame. Mama anaita watoto kutoka ng'ambo ya shamba, anauza gulioni, anafundisha darasa lililojaa, na jioni anaimba kwaya. Kiangazi vumbi jekundu la Karatu linamwingia kooni, na jikoni moshi unamngoja. Sauti ikikauka tunasema, "Ni mafua tu," na tunaendelea kupaza. Basi tuzingatie haya:

1. Sauti ikikauka, ipumzishe. Ongea kidogo na polepole. Usinong'one kwa kulazimisha, maana hilo nalo huchosha nyuzi.

2. Kunywa maji mara kwa mara. Tangawizi na asali hutuliza koo, lakini haziponyi kivimbe. Tunachomeza hupita njia ya chakula, hakigusi nyuzi za sauti.

3. Ukaukaji ukizidi wiki 3, nenda kituo cha afya, uombe kuonwa na daktari wa masikio, pua na koo. Mara nyingi si ugonjwa mkubwa, lakini saratani ya koo nayo huanza hivyo, na ikigunduliwa mapema hutibika vizuri.

4. Ukipumua kwa shida, ukimeza kwa shida, ukikohoa damu au ukiona uvimbe shingoni, usingoje wiki hizo. Nenda siku hiyohiyo.

5. Mtoto akikohoa au akikauka sauti, asipelekwe kukatwa kimeo. Kimeo si chanzo cha kikohozi. Kukikata kumewaletea watoto kutokwa damu nyingi na maambukizi, na wengine wamepoteza maisha.

Jambo moja zaidi kuhusu watoto. Mwaka 2024 Lupita alisimulia jinsi alivyojilazimisha, akiwa chuoni, kuacha lafudhi yake ya Kikenya ili apate kazi Marekani, na jinsi alivyoumia moyoni. Alipokwisha kujulikana aliamua kuirudia, na hakukosa kazi. Wapo watoto wetu wanaochekwa shuleni kwa sababu Kiswahili chao kina ladha ya Kiiraqw. Mtoto akichekwa sana hunyamaza, na mwalimu humwona mzito kumbe ana majibu. Mama, usimcheke nyumbani. Mwache asimulie hadithi kwa sauti yake, nawe umsikilize hadi mwisho.

Na wewe mwenyewe, kesho ukitaka kumwita mtoto aliye mbali, mtume mdogo wake akamwite, au umfuate. Sauti yako ina kazi nyingi bado.