Inazima Nini Hasa?

Kuna maandishi mabovu yanayosomwa na watu wengi kuliko riwaya zetu zote, na hakuna anayeyahakiki: maneno ambayo kompyuta inaandika wakati inajizima. Duara linazunguka, sentensi fupi inasema inazima, basi. Dakika mbili, tano, kumi. Inafanya nini humo ndani? Haisemi.

Mwezi Julai nilikuwa Same mjini, kwenye steshenari moja, nikichapa hadithi alizonisimulia bibi kwa Chasu kule Suji. Umeme ukakatika. UPS ikaanza kulia, kijana wa kazi akabofya kuzima, duara likaanza mzunguko wake. "Dada, hii itakata saa yoyote. Nichomoe flashi?" Ningejibu nini? Nikamwambia chomoa. Faili halikufunguka tena, na bibi yangu hasimulii hadithi mara mbili kwa namna moja.

Mafundi watasema asilimia haiwezekani: mfumo endeshi huziomba programu zijifunge, kisha unasubiri, na hakuna ajuaye ipi itachelewa. Sawa, sitaki asilimia. Za uongo tunazo stendi, ambako konda wa gari la mlimani anakuambia "bado wawili tu" tangu saa nne mpaka saa saba. Nataka jina la kinachosubiriwa. Kwenye Linux inayotumia systemd, kazi ikigoma kusimama, kioo kinaweza kuitaja kazi yenyewe na kuhesabu sekunde; kikomo cha kawaida ni sekunde 90, kisha inauawa kwa nguvu. Ni maandishi makavu, hayana adabu hata kidogo, ila yana kiima na yana mwisho.

Wanaotuficha hayo eti wanatuonea huruma, tusije tukaogopa. Jamani! Wapare wamesubiri maji ya ndiva vizazi na vizazi. Ndiva hujaa usiku, mchana maji yanafunguliwa yaende mashambani. Anayesimama ukingoni anaona yamefika wapi, na akiona hayapandi anafuata mfereji kwenda juu kutafuta palipoziba. Hajawahi kuchorewa duara ili atulie.

Yule kijana hakuhitaji kusomea kompyuta. Kioo kingeandika tu "bado naandika faili la hadithi kwenye flashi", asingeigusa.