Fundi wa jirani aombe kibali wapi?



Naomba nafasi katika gazeti hili nieleze kero inayotutesa sisi wasindikaji wadogo wa zabibu hapa Dodoma: kibali cha kazi cha muda mfupi kwa mafundi kutoka nchi jirani.

Zabibu zetu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na zikishakatwa hazisubiri. Jua la Hombolo likizipiga zikiwa kwenye kreti, kesho yake zimeanza kuchacha na nyuki wametanda. Msimu uliopita pampu ya mashine yetu ya kukamulia iliharibika katikati ya mavuno. Mafundi wa hapa walihangaika nayo, mwisho wakashauri aitwe fundi wa waliotuuzia, ambaye yuko Kenya. Kazi yenyewe ni ya siku mbili tatu.

Fundi alitua katika uwanja mmoja wa ndege wa kimataifa hapa nchini akiwa na barua yetu ya mwaliko na sanduku la vipuri. Alipoulizwa anafuata nini, akasema kweli: nakuja kutengeneza mashine. Dirisha la kwanza likamwambia raia wa Afrika Mashariki hahitaji viza. La pili likamtaka alipie viza ya biashara, dola 250. Ofisa wa tatu akasema yote hayo hayamhusu, atangulie kupata kibali kwa Kamishna wa Kazi. Jioni wakamruhusu kuingia kama mgeni wa matembezi, kwa onyo kwamba asishike spana. Akaja Dodoma akakaa nyumba ya wageni, sisi tukihangaika na maombi mtandaoni, huku mchuzi wa zabibu tuliokwisha kuukamua ukiharibika kwenye matenki. Wakulima waliotuletea mzigo kwa mali kauli bado wanatudai, na wana haki.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba angesema anakuja kumsalimia shangazi yake, angepita bila swali la pili. Utaratibu unaomkwamisha msema kweli unawafundisha watu uongo, kisha tunashangaa wageni wanapofanya kazi kwa kujificha.

Siipingi Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015. Inalinda ajira za vijana wetu, na kumwajiri mgeni bila kibali ni kosa ambalo sitaki kulitenda. Lakini kibali cha kazi kinatoka kwa Kamishna wa Kazi na cha ukaazi kinatoka Uhamiaji. Mwenye mkataba wa miaka miwili ataumudu mzunguko huo. Fundi wa pampu hawezi, na vijana wangu ambao wangesimama pembeni yake wakajifunza wamekosa nafasi hiyo.

Tena njia ilishafikiriwa. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilisainiwa Arusha Novemba 2009 na kuanza kutumika 1 Julai 2010. Kanuni zake za wafanyakazi zinamtenga mwenye mkataba usiozidi siku 90: huyo hupewa pasi maalumu, si kibali kamili. Kenya na Rwanda zimekwenda mbali zaidi, zikaondoleana hata ada ya vibali. Sisi ndio wenyeji wa makao makuu ya Jumuiya, iweje ofisa wa dirishani asiwe na jibu moja?

Uwanja wa ndege wa Msalato unajengwa hapa kwetu. Ndege za nje zisianze kutua pale kabla hapajawekwa dawati la pamoja la Uhamiaji na Kazi, lenye mamlaka ya kutoa pasi hiyo papo hapo kwa mwenye barua ya mwaliko, na ada zibandikwe ukutani kwa Kiswahili kila mtu azisome.

Kwa sasa naomba wahusika wa ofisi hizo mbili watujibu kupitia gazeti hili: fundi kutoka Kenya anayekuja kwa kazi ya siku chache aombe nini, aombee wapi, na alipe kiasi gani? Mavuno mengine yanakaribia, na fundi ameshauliza kama aje.

Msindikaji wa zabibu,
Hombolo, Dodoma