Pweza wa Mwanamke Naye Ahesabiwe

Wako wakubwa wa afisi ambao hadi leo wanaamini kuwa takwimu ni mali ya mtaalamu, na kwamba wajibu wa mwanamke wa pwani ni kuulizwa, kujibu, kisha kurudi zake mwambani. Imani hiyo ni potofu, tena inawagharimu watu riziki zao.

Samaki wa Zanzibar huhesabiwa dikoni. Bwana diko huandika chombo kilichoingia na samaki kilichowaleta. Utaratibu huo unamfaa mwenye dau au ngalawa. Lakini mwanamke anayechokoa pweza hana chombo. Huenda kwa miguu maji ya bamvua yanapotoka, hurejea kwa njia ya nyumbani, na pweza wake huwa amekwisha kuuzwa au kuingia chunguni kabla ya kalamu kumwona. Bwana diko hastahili lawama, kwani kalamu yake ni moja na pwani ni ndefu. Wanaostahili lawama ni wale wanaoipokea hesabu hiyo pungufu huko Mjini, wakaiita hesabu ya uvuvi, kisha wakapanga mashine, nyavu na mikopo kwa kuitazama hiyo hiyo.

Kizimkazi, katika Hifadhi ya Ghuba ya Menai iliyoanzishwa mwaka 1997, ni miongoni mwa mahali ambapo wanavijiji, wakisaidiwa na jumuiya ya Mwambao, wamejaribu kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi michache ili pweza akue. Mbinu hiyo ilianza kupata sifa Andavadoaka, Madagaska, mwaka 2004, nayo hufaa kwa sababu pweza hukua upesi mno. Wanavijiji waliofundishwa hupima na kuandika uzito. Hapo ndipo daftari linapokuwa silaha. Uzito wa jumla peke yake utaonyesha neema. Daftari linaloandika pia nani amevua litaonyesha neema hiyo imekwenda kwa nani. Mwamba ukifungwa, mwanamke asiyepiga mbizi ndiye anayekosa kitoweo, kwani hana maji makuu ya kukimbilia. Ukifunguliwa, kijana wa kiume mwenye miwani ya kuzamia anaweza kumtangulia na kuondoka na pweza wakubwa. Kamati ya uvuvi isiyo na hesabu hiyo itapiga makofi na kufunga tena.

Husemwa kuwa wanawake wakijihesabia watajipendelea. Hoja hiyo haina uzito. Pweza wa kuuzwa hupimwa hadharani, mchuuzi akiwa amesimama pale pale; muuzaji anataka kilo zizidi, mnunuzi anataka zipungue, na mizani iko kati yao. Ni afisi gani yenye mkaguzi mkali kuliko huyo?

Vijana nao wana sehemu yao. Kuanzia mwaka 2016 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walishiriki pamoja na Kamisheni ya Ardhi kurusha ndege zisizo na rubani ili kupata ramani mpya ya visiwa. Kazi hiyo ni ya kujivunia. Ila picha ya angani huonyesha mapaa na minazi. Haisemi kwamba kijia kile cha mchanga ndicho wanachopita wakulima wa mwani kwenda baharini. Paje na Jambiani zimelima mwani wa biashara tangu mwaka 1989, na wengi wa wakulima ni wanawake. Ufukwe huo huo leo umejaa mahoteli. Vijana waliofundishwa kuchora ramani warudi vijijini, wakae na mama zao, waandike vijia na mashamba ya mwani juu ya ramani kabla ya kipande chochote cha ufukwe kukodishwa.

Sheha huteuliwa, hachaguliwi kwa kura. Kwa hiyo mwanamke wa shehia hana karatasi ya kura ya kumwajibisha nayo. Alilo nalo ni daftari. Lisipelekwe Mjini likapotelea kabatini. Lisomwe shehiani mbele ya walioliandika, kabla ya mwamba kufungwa na tena baada ya kufunguliwa, na afisa atakayeamua kinyume cha hesabu hiyo aeleze sababu zake papo hapo, kwa mdomo wake mwenyewe.