BAHARI NI MOJA, MBONA ELIMU MBILI?



Zamani utafiti wa bahari ya Kenya, Tanganyika na Unguja ulikuwa na kituo kimoja, makao yake Unguja. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kituo kikafa nayo. Kenya ikaanzisha chake mwaka 1979.

Unguja walianza kulima mwani wa biashara mwaka 1989. Baadaye maji yalizidi joto, mwani ukaugua na kuoza. Leo mama zetu wa Kibuyuni wanalima mwani katika bahari hiyo hiyo. Je, wangoje hasara ndipo wafundishwe?

Jumuiya imerudi tangu mwaka 2000. Twadai: wataalamu wa pande zote wakae meza moja, na mkulima wa mwani aketi nao. Maji hayana mpaka!