Cheti Kiko Ukutani, Mwenyewe Yuko Wapi?



Katika ukanda wetu wa dhahabu, tangu Kahama hadi Geita, palipo na duara na karasha hapakosi duka la dawa. Ingia katika famasi mojawapo, uinue macho ukutani. Utaona cheti ndani ya fremu, kina jina na picha ya mfamasia. Kisha teremsha macho. Chini ya cheti hicho mara nyingi amesimama binti aliyemaliza kidato cha nne, naye ndiye anayempa mgonjwa dawa. Ukimwuliza mwenye cheti yuko wapi, atakujibu kwamba yuko mjini. Huenda hajapata kumwona hata siku moja. Jina limekodishwa, kama watu wakodishavyo turubai la harusi.

Kukodisha huko ndiko tunakotaka kukusema hapa, bila kuzungukazunguka. Ni dhuluma kwa mgonjwa, ni dhuluma kwa binti yule, na ni dhuluma anayojitendea kijana msomi mwanzoni kabisa mwa kazi yake. Lakini hatutaishia kumlaumu kijana, kwa maana mwizi wa jina lake si yeye peke yake.

1. Njia anayoipita kijana

Anayesomea ufamasia hukaa chuo kikuu miaka minne. Kisha hufanya mwaka mmoja wa utarajali, akisimamiwa na waliomtangulia, ndipo Baraza la Famasi limsajili. Wengine husoma stashahada ya miaka mitatu, wakawa mafundi dawa sanifu. Hatuzungumzi habari za watu wa mbali. Chuo Kikuu cha Kikatoliki kilichoko Bugando, Mwanza, kinafundisha ufamasia, nacho ni mali ya Baraza la Maaskofu. Vijana hawa ni watoto wa parokia zetu.

Siku anayosajiliwa, kijana ana vitu viwili mkononi: elimu na deni. Bodi ya Mikopo inamdai, na kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2016, akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake. Huomba kazi serikalini, akasubiri kibali cha ajira. Huandika barua kwenye hospitali za mashirika, akajibiwa kwamba nafasi hakuna. Nyumbani wapo wazazi waliouza ng'ombe ili asome, na katika Usukuma kuuza ng'ombe ni kuuza akiba ya ukoo. Hawamwulizi neno, lakini wanamtazama.

Ndipo anapotokea tajiri. Maneno yake ni matamu: "Nipe cheti na sahihi yako, kila mwezi nitakutumia kitu kwenye simu. Huna haja ya kuja." Kijana hushukuru, akadhani ameanza kazi, kumbe hajaanza. Ameuza mlango wa kuingilia kazini, naye akabaki nje.

Watu wa machimboni wanaufahamu vema mtindo huu. Mwenye leseni hukaa mjini, wengine hushuka duarani. Mawe yakitoka, viroba vyake huwekwa kando. Kijana wetu amefanywa kuwa mwenye leseni wa dawa. Tofauti ni moja tu: mchimbaji anajua kwamba ameshuka duarani na kwamba kifusi chaweza kumwangukia, lakini mgonjwa aliyeingia katika duka la dawa hajui.

2. Kwa nini si biashara kama nyingine

Anayenunua sukari huitambua sukari mbovu. Anayenunua dawa hana macho ya kuitambua. Hutegemea dhamiri na elimu ya yule aliye nyuma ya meza. Ndiyo sababu sheria ikataka famasi isimamiwe na mfamasia aliyesajiliwa, na ndiyo sababu cheti kikatundikwa ukutani. Cheti ni ahadi kwa mtu asiyeweza kujikagulia mwenyewe.

Tuangalie hali ya machimboni. Mchimbaji mwenye maumivu ya mgongo humeza diklofenaki kila asubuhi kabla ya kushuka, kwa miezi. Mfamasia angemwambia kwamba dawa hiyo yaweza kumtoboa tumbo na kumharibu figo. Aliyevuta vumbi la mawe kwa miaka anakohoa. Duka linampa vidonge vya rangi mbili, wiki ijayo linampa vingine, na wiki ya tatu vingine tena. Mfamasia angemtuma mara moja akapimwe kifua kikuu, ambacho katika vituo vya Serikali hupimwa na kutibiwa bure. Mwanamke achomaye dhahabu kwa zebaki karibu na jiko lake anatetemeka mikono. Mfamasia angemwuliza juu ya kazi yake kabla ya kumwuzia chochote. Mama mjamzito anaomba doksisaiklini kwa sababu jirani ilimfaa. Mfamasia angemnyima, kwa kuwa dawa za jamii hiyo huharibu meno na mifupa ya mtoto aliye tumboni.

Na tutazame malaria, ugonjwa wa kila nyumba. Dozi ya dawa mseto kwa mtu mzima ni vidonge 24 kwa siku tatu, na inafaa ziliwe pamoja na chakula chenye mafuta. Mwenye fedha pungufu huomba nusu, naye binti, ambaye hakufundishwa, humkatia nusu. Mgonjwa hupata nafuu ya siku chache, vimelea hubaki.

Historia yetu yenyewe imetufundisha kwamba dawa huweza kufa. Mwaka 2001 taifa liliacha kutumia klorokwini kuwa dawa ya kwanza ya malaria, kwa kuwa vimelea vilikuwa vimeizoea. Ikashika nafasi SP, nayo haikudumu. Mwaka 2006 tukageukia dawa mseto. Kwa upande wa bakteria, watafiti walikadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu moja kwa moja ya bakteria zisizosikia dawa. Kila dozi nusu inayouzwa chini ya cheti kisicho na mwenyewe ni mchango wetu katika hesabu hiyo.

3. Hoja za wanaotetea

Wapo watakaosema: "Wafamasia ni wachache. Mkidai kila famasi iwe na wake, watu wa vijijini watakosa dawa." Hoja hii ilikwisha kupatiwa jibu. Mwaka 2003, kuanzia Ruvuma, taifa lilibuni maduka ya dawa muhimu yachukue nafasi ya maduka ya dawa baridi. Watoa dawa wake hupewa mafunzo, na orodha ya dawa wanazoruhusiwa kuuza ina mipaka. Mwenye mtaji mdogo na afungue duka la namna hiyo, kwa haki. Anayekodi cheti hatafuti kuwafikishia watu dawa. Anatafuta kuuza dawa zote bila kumlipa mjuzi wake. Tena ni ajabu kusikia kwamba wafamasia ni wachache, hali waliosajiliwa wanazunguka na bahasha za barua za maombi.

Wengine husema: "Kijana ana njaa." Ni kweli. Waswahili husema mwenye njaa hana miiko. Lakini taaluma ni miiko. Ukiitoa miiko katika ufamasia, kinachobaki ni rafu na makopo. Njaa yaeleza kwa nini mtu alianguka. Haimwambii mgonjwa aliyedhurika kwamba hakudhurika.

Wengine tena husema: "Cheti si cha kughushi, ni halali." Hapo tusidanganyane. Mwezi Aprili mwaka 2017 Serikali ilitangaza watumishi wa umma 9,932 kuwa na vyeti vya kughushi, na taifa zima likashtuka. Je, kuna tofauti gani kwa mgonjwa? Cheti cha kughushi ni karatasi ya uongo inayodai kuwa kweli. Cheti kilichokodishwa ni karatasi ya kweli iliyotumwa kusema uongo. Vyote viwili humwambia mgonjwa: "Yupo hapa mtu anayejua," na mtu huyo hayupo.

Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika barua yake ya mwaka 1981 juu ya kazi ya binadamu, alifundisha kwamba kazi hupata thamani yake kwanza kutokana na mtu anayeifanya. Kukodisha cheti ni kazi iliyotolewa mtu ndani yake. Malipo yapo, jina lipo, sahihi ipo, mtu hayupo.

4. Kosa ni la wengi

Mwenye duka anajua anachokifanya. Anamlipa kijana sehemu ndogo ya mshahara ambao angestahili, tena anamlipa binti pungufu zaidi, na siku mgonjwa akidhurika, anayekamatwa kwanza ni binti huyo. Faida inakwenda kwa mmoja, hatari inagawiwa kwa watatu.

Serikali nayo haiwezi kunawa mikono. Inasomesha kwa mkopo, kisha inachelewesha ajira, huku katika zahanati nyingi dawa zikitolewa na muuguzi mwenye kazi nyingine kumi. Ukaguzi unaofanywa kwa msimu, wenye maduka wakijua mapema siku ya kukaguliwa, humkuta mfamasia aliyeletwa asubuhi kwa pikipiki na kurudishwa jioni.

Na sisi, taasisi za Kanisa, tusijifiche nyuma ya madhabahu. Hatuna haki ya kumnyoshea kidole mwenye duka ikiwa katika zahanati ya parokia dirisha la dawa linashikwa na yeyote aliyepatikana, au ikiwa tunamwita kijana "ajitolee" mwaka mzima na kuiita dhuluma hiyo kuwa ni utume. Kujitolea ni tunu pale mtu anapotoa kwa hiari. Anaponyimwa ujira wake kwa jina la Mungu, huko ni kumsingizia Mungu. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, amemtaja mtengenezaji wa dawa pamoja na tabibu, kwa heshima. Heshima hiyo na ionekane pia katika orodha yetu ya mishahara.

5. Neno kwa kijana anayeanza

Kijana wetu, mwanzo wa kazi ni kusimama nyuma ya meza. Hakuna njia nyingine. Elimu ya darasani huiva mbele ya mgonjwa anayekuuliza swali ambalo kitabu hakikulitaja. Mwaka wa kwanza unaokaa nyumbani ukipokea fedha za cheti ni mwaka ambao wenzako wanajifunza na wewe unasahau. Baada ya miaka mitatu utakuwa na uzoefu wa karatasi, na siku utakayoitwa kwenye usaili utaulizwa mambo ambayo hukuyatenda.

Kwa hiyo, kwanza, usiweke sahihi ya kusimamia mahali ambapo hutakuwapo. Baraza linaweza kukuondolea haki ya kufanya kazi uliyoisomea, na mwenye duka hatakuja kukutetea. Atatafuta cheti kingine.

Pili, dai mkataba wa maandishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe masharti ya kazi kwa maandishi: mshahara, saa za kazi, likizo. Anayekataa kuandika anakusudia kukana.

Tatu, shika daftari. Andika dawa zilizotolewa kwa cheti cha daktari, andika wagonjwa uliowatuma hospitalini, na wafahamu waganga wa zahanati iliyo jirani.

Nne, jifunze kusema "hapana" kwa upole. Mchimbaji mwenye noti mkononi hapendi kukataliwa. Mweleze sababu kwa Kiswahili chepesi, na kwa Kisukuma ukikijua. Ukimnyima dawa isiyomfaa leo, kesho atakuletea mtoto wake.

Tano, mfundishe binti unayemkuta dukani. Yeye si adui yako. Akikaa karibu nawe, naye aweza kwenda kusoma.

6. Basi tufanye nini?

Watu wa Shinyanga na Kahama ndio walioanzisha sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980, walipochoka kuibiwa ng'ombe. Watu hao hawawezi kushindwa kulinda duka la dawa, safari hii bila mishale na bila fimbo, kwa swali moja tu. Kila uingiapo famasi, tazama ukutani, soma jina, na uulize kwa adabu: "Naomba kumwona mwenye cheti hiki." Ukiambiwa hayupo leo, rudi kesho uulize tena. Asipoonekana kamwe, mpe taarifa mganga mkuu wa wilaya. Wakiuliza watu kumi kwa siku, cheti kisicho na mwenyewe kitakuwa mzigo kwa mwenye duka, naye ataona kwamba ni nafuu kumwajiri mtu.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Katika kijiji au mtaa wetu, ni nani hasa anayetoa dawa, na alifundishwa wapi?
2. Je, zahanati ya parokia yetu inampa mtoa dawa wake mkataba na ujira wa haki?
3. Ni vijana gani wa jumuiya yetu waliosomea kazi za afya na wako nyumbani? Tumewasaidiaje wasiuze majina yao?
4. Mara ya mwisho nilipoomba dozi nusu au dawa bila kupimwa, nilimlazimisha nani avunje miiko yake?